Kamba Isiyokauka

Kamba ndiyo iliyoanza. Asubuhi ile Mwanamkasi aliianika uani, juu ya ua wa makuti, pamoja na kanga zake na shuka la kitanda. Jua la kaskazi halikuwa na mzaha. Shuka lilikauka kabla hajamaliza kuchagua mchele, na kanga zikakakamaa hata kukunjika zikakataa. Kamba ilikuwa bado inachuruzika maji. Yalidondoka mahali pale pale, mchanga ukatota, na kuku waliozoea kuchakura hapo wakahamia upande wa pili wa ua, wakakaa huko kutwa nzima.

Aliigusa, akalamba kidole. Chumvi. Akajiambia kwamba makumbi ya nazi hunywa maji mengi, na kamba nene namna ile si ya kukauka kwa siku moja. Jioni aliitundika kwenye msumari wake chumbani, upande wa kitanda aliokuwa akilala Matano. Kesho yake akaianika tena, na keshokutwa. Ilikuwa imetoka baharini zamani kidogo, tangu mwezi mwandamo, lakini ilidondosha maji kama iliyotolewa saa ile.

Matano alikuwa mumewe, Mdigo wa hapo hapo Likoni, mpana wa kifua na mpenda utani. Mwaka ule wa vita, manowari zilipojazana Kilindini hata bahari ikaonekana nyembamba, alipata kibarua cha kuzamia na kukwangua makome kwenye matumbo ya meli. Siku moja, upande wa Mtongwe, aliona mbavu za merikebu ya kale zimesimama kwenye tope, na katikati ya mbavu akaokota ashrafi moja ya dhahabu. Tangu siku hiyo hakutulia.

Waliopata habari baadaye walisema ni tamaa. Uongo mtupu. Mwaka uliotangulia Matano alishikwa na kichomi, akawa mtu wa kugeuzwa kitandani, na Mwanamkasi akauza kidani cha dhahabu alichoachiwa na mamake ili mume apate dawa na maziwa. Matano akapona, akaiona shingo ya mkewe iko tupu, na shingo ile tupu ikamkosesha raha kuliko ule ugonjwa. Basi zile ashrafi alizikusanya kwa ajili yake. Kulikuwa na Mzungu mmoja mpenda sarafu za kale, akapata fununu, akamwita na kumwahidi makubwa. Matano alimjibu kwamba huko chini ameona vigae tu. Alipokuwa nyumbani mchana alizisugua kwa ndimu na jivu, akazipanga mkekani: hii yenye msalaba, hii yenye kichwa cha mfalme aliyefutika pua, hii yenye herufi za Kiarabu ambayo aliibusu kabla ya kuiweka, isije ikawa ni aya. Alikuwa akingoja zitoshe kidani cha kuzunguka shingo mara mbili. Mwanamkasi alimwambia shingo yake si ya twiga, na Matano akacheka, akaendelea kuzisugua.

Walikuwa wakienda pamoja kuzamia kila Ijumaa, saa ya sala, kwa sababu saa hiyo wanaume wote wako msikitini na pwani haina jicho. Mume aliona haya kuacha Ijumaa, lakini alisema Mungu anajua nia. Mke ndiye aliyeshika kamba. Hapana mwanamke mwingine Likoni aliyefanya kazi hiyo, na yeye aliifanya vizuri, amekaa kwenye mtumbwi wao na kanga kichwani, kamba imepita kiganjani. Mvuto mmoja maana yake nipe kamba. Mivuto miwili mirefu, nivute. Na palikuwa na mvuto mwingine usiokuwa wa kazi. Matano akifika chini, kabla ya kuanza kupekua, alikuwa akiitikisa kamba kidogo kidogo, haraka haraka, kwa vidole tu, na Mwanamkasi akamtikisia vivyo hivyo. Maana yake ilikuwa nipo, mke wangu, nami nipo. Hawakumwambia mtu jambo hilo. Waliliona la kitoto.

Ijumaa ile ya mwisho Matano alikawia. Alikwisha kupanda mara kadhaa kuvuta pumzi, akashuka tena akicheka, akisema amepata penyewe hasa. Kutoka bara Mwanamkasi akasikia sauti za watu wakitoka msikitini. Kisha kamba ikavuta mara mbili, mivuto mirefu. Akavuta. Ilikuwa nzito, na yeye akaufurahia ule uzito kwa kuwa aliujua, uzito wa mumewe. Kilichotokea majini kilikuwa ni kikapu cha miyaa, kimejaa ashrafi hata mdomoni.

Fundo lililofunga kikapu halikuwa la Matano. Fundo lake lilifunguka kwa kuvuta ncha moja. Hili lilikuwa dogo na gumu, limesukwa kwa ustadi kama nywele za bi harusi.

Mwanamkasi alilikata kwa kisu, akakitupa kikapu ndani ya mtumbwi, akairudisha kamba chini, akaita jina la mumewe, akatumbukiza uso majini macho wazi. Aliirusha kamba na kuivuta mpaka viganja vikachubuka na jua likazama. Watu walikuja, wakazamia, wakatafuta siku zilizofuata mpaka ufuo wa Shelly. Hapana aliyeonekana. Kwa kukosa akili, au kwa hofu ya maswali, alikuwa amekwisha kukificha kikapu mvunguni mwa kitanda.

Wazee wa msikiti walikuja kumwambia akae eda, wasome hitima. Aliwasikiza kwa adabu. Kisha akawaambia kwamba mtu aliyemshikia kamba yeye mwenyewe, na ambaye hajamvuta bado, hawezi kumkalia eda. Akafunga mlango. Majirani walisema amerukwa na akili, wakamwonea huruma, wakamletea wali.

Basi kamba ilikuwa haikauki. Siku moja adhuhuri, mtoto wao Mwanasaumu amelala sakafuni juu ya mkeka, Mwanamkasi alikuwa chumbani akishona pindo la kanga. Akasikia harufu ya udi, udi mzuri wa arusi, na chini yake harufu nyingine, ya tope la mikoko linapofukuliwa. Akainua uso. Kamba ilikuwa imetundikwa kwenye msumari kwa mazunguko yake, na ncha yake ikining'inia. Ncha ile ilinyooka yenyewe. Ilinyooka kuelekea mlangoni, upande wa bahari, ikakaza, kisha ikavuta mara mbili, mivuto mirefu.

Mtu mwingine angekimbia. Mwanamkasi aliruka akaishika, akavuta. Alivuta analia, kamba ikaja mikononi mwake baridi na mbichi, dhiraa kwa dhiraa, ikarundikana miguuni pake nyingi kuliko kamba yote aliyokuwa nayo, ikiingia kutoka uani, kutoka huko nyuma ya uani ambako hakuthubutu kutazama, mpaka ncha ikafika, na kwenye ncha, kwa lile fundo la kusukwa, palikuwa na ashrafi moja. Alipopangusa macho kamba ilikuwa na urefu wake wa siku zote.

Aliiweka ile ashrafi pamoja na zenzake. Kesho yake adhuhuri akawa tayari ameketi chini ya msumari, na kamba ikavuta, naye akavuta, akapata nyingine, ikavuta tena na tena mpaka alasiri. Ikawa ndiyo kazi yake. Kikapu kilifurika, akazitia kwenye mtungi, mtungi ukajaa, akazitia ndani ya mito ya kulalia. Hakuzitazama hata mara moja. Kila alipovuta aliusikia uzito ule ule wa mume, kifua na mabega, na kila mara moyo ulimwambia safari hii ni yeye. Alikonda. Sauti ya nyumba nayo ilibadilika. Mchana kukiwa kimya, kuta zilisikika zikipumua kwa shida, pumzi za mtu aliyetoka majini na bado hajapata ya kumtosha.

Rashid, nduguye mdogo, ambaye alikuwa kuli bandarini, alikuja kumjulia hali, akasimama mlangoni bila kuingia. Aliuliza ni nani anayefukiza udi katika nyumba yenye msiba. Akaona mito imechanika na dhahabu inachungulia. Dada yake akamshika mkono, akamkalisha, akamweleza yote kwa sauti ya chini, kama anayechelea kumwamsha mgonjwa.

"Yuwavuta, Rashid," alisema. "Bado yuwavuta. Amechoka tu, ndiyo maana hafiki."

"Dada, sikiza. Huyo avutaye simjui, nawe humjui."

"Mimi nisiujue uzito wa mume wangu?"

 Rashid alimwomba walau mtoto alale kwake. Mwanamkasi akakataa, alisema Matano akifika atataka kumwona mwanawe. Rashid akaondoka, na alipofika barabarani akajiona analia, mtu mzima na heshima zake.

Siku chache baadaye Mwanamkasi alikwenda kisimani kuteka maji. Hakukaa sana. Alipokuwa akirudi alimwita mtoto kutoka mbali, na mtoto, aliyezoea kuitika abee hata akiwa usingizini, hakuitika. Alitua ndoo, akaingia uani, na jambo la kwanza aliloliona lilikuwa mifuo miwili mchangani, mifuo ya visigino vidogo, ikitoka mlangoni kuelekea pwani, na mifuo ile ilikuwa imejaa maji, na mwisho wa mifuo, kwenye pengo la ua ambalo jana halikuwako, Mwanasaumu alikuwa ameketi na miguu mbele, nywele zimelowa, amefungwa kamba kiunoni kwa fundo dogo lililosukwa vizuri, na kamba ilikuwa imekaza ikipotea vichakani, ikimburura taratibu, bila pupa, shibiri baada ya shibiri, naye hakulia wala hakujishika, alitabasamu tu kama anayepelekwa arusini.

Mwanamkasi alilikata fundo kwa meno, na ufizi ukatoka damu.

"Baba amesema nizamie kwake," mtoto akamwambia. "Amesema wewe utanivuta."

Hapo ndipo Mwanamkasi alipoogopa kwa mara ya kwanza. Tangu Ijumaa ile alikuwa na huzuni tu, na huzuni haikumwachia nafasi ya kuogopa. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka kwa Rashid, hakurudi hata kufunga mlango, na Rashid akaenda kumtafuta Bi Nyamvula wa Mtongwe.

Bi Nyamvula alikuwa muuza samaki wa kukaanga, mama wa makamo, mkali wa ulimi. Uganga wa majini na mashetani aliurithi kwa shangazi yake, naye aliulalamikia kama mtu aliyerithi mbuzi wasumbufu. Alifika nyumbani kwa Mwanamkasi na harufu yake ya mafuta, akaitikia shikamoo zao, akaingia chumbani na chetezo cha ubani. Hakupiga kelele wala ngoma. Aliweka sikio kwenye kamba, ambayo waliikuta imerudi msumarini, akakaa hivyo muda mrefu, na Mwanamkasi aliona jasho likimtoka kwenye midomo.

Alipotoka uani aliuliza walikuwa wakizamia saa ngapi. Mwanamkasi akamwambia, Ijumaa, saa ya sala, wanaume wakiwa msikitini. Bi Nyamvula akafumba macho.

"Mwanangu, hata wao huenda Ijumaa," alisema. "Mle chini mna wenyewe, na wenyewe ni Waislamu. Mlikuwa mkiingia nyumba ya watu wakati wenyewe wako sala. Siku ile mumeo alikawia, wakarudi wakamkuta ndani."

Mwanamkasi aliuliza kama wamemuua. Bi Nyamvula alisema hilo halijui. Alilolijua ni kwamba mwenye mali hakutaka ugomvi, alitaka biashara. Alitwaa mtu, akalipa kikapu kizima kwa heshima, na aliyeshika kamba akakipokea, akakipeleka kwake. Tangu hapo kila ashrafi iliyovutwa ilikuwa imepokewa vilevile, na mnunuzi akaona kwamba nyumba hii ina bei nzuri na haikatai. Sasa alikuwa amemtaka mtoto, na malipo yake yamo tayari ndani ya mito ya kulalia.

"Nikirudisha zote, watanirudishia?" Mwanamkasi aliuliza.

Bi Nyamvula, ambaye ulimi wake haukuwahi kumhurumia mtu, alitazama chini. Alisema atakachorudishiwa ni mtoto wake, alale usingizi wa watoto. Vingine asitumaini. Akampa masharti: dhahabu yote irudi na kamba yenyewe, Ijumaa baada ya sala, wenyewe wakiwa nyumbani. Kamba ataishusha yule yule aliyeishika. Itavuta. Asiivute. Afikie ncha ya mwisho, aiachie.

"Itavuta kwa uzito wake," Mwanamkasi alisema.

"Itavuta. Na kitu hicho kinajua mivuto ya kazi tu, hasa ule wa kupandisha. Ndio uliokipa faida."

Ijumaa walisubiri pwani mpaka watu wakatoka msikitini. Rashid alipiga kafi, Bi Nyamvula akakaa tezini, nyuma ya mtumbwi, na chetezo chake, na Mwanamkasi katikati, vikapu vya dhahabu magotini. Mtoto alibaki kwa mke wa Rashid. Maji yalikuwa maangavu. Mbavu za merikebu zilionekana chini, nyeusi. Mwanamkasi alifunga vikapu pamoja kwa fundo la Matano, akasema kimoyomoyo bismillahi, akashusha.

Vilipogusa chini kamba ililegea. Kisha mvuto mmoja, nipe kamba. Akatoa. Harufu ya udi ikapanda kutoka majini na kuufunika ubani wa Bi Nyamvula. Kisha mivuto miwili, mirefu, na mikono ya Mwanamkasi ikakaza yenyewe, kwa mazoea. Rashid akaacha kafi. Hakumgusa, alisema tu jina la Mwanasaumu, taratibu, na dada yake akalegeza mikono. Ikavuta tena. Ikavuta kwa nguvu hata mtumbwi ukainama na maji yakaingia, na uzito ulikuwa ni ule ule, kifua na mabega na mkono mmoja ambao Matano alizoea kuutangulizia mbele, na Mwanamkasi alilia kwa sauti, akiachia kamba, shibiri kwa shibiri, akisema nisamehe, nisamehe, mpaka ikabaki ncha tu kwenye vidole vyake.

Mivuto ikakoma. Bi Nyamvula akashusha pumzi.

Ndipo kamba ilipotikisika. Kidogo kidogo, haraka haraka, kwa vidole tu.

Nipo, mke wangu.

Rashid na Bi Nyamvula hawakuona kitu. Waliona mwanamke ameganda na ncha ya kamba mkononi, midomo wazi. Alikaa hivyo kwa muda ambao Rashid, mpaka anazeeka, hakupenda kuusimulia. Kamba ilitikisika tena, dhaifu zaidi. Mwanamkasi akatikisa vidole vyake vivyo hivyo, haraka haraka. Nami nipo. Kisha akafungua mkono.

Wakiwa njiani kurudi aliwaambia. Mtumbwi ulipogusa mchanga Bi Nyamvula alimgeukia.

"Mlikuwa wangapi mliojua mvuto huo?" aliuliza.

"Sisi wawili."

"Basi kama ni kile kitu, mumeo ndiye aliyekifunza."

Alilisema kwa kumfariji, nadhani, lakini maneno mengine ni afadhali yasisemwe. Mwanamkasi aliyabeba mpaka nyumbani. Mtu hafundishwi na maiti. Kama kile kitu kilijifunza kwa Matano, basi palikuwa na siku, baada ya Ijumaa ile, ambayo Matano alikuwa hai huko chini na anaweza kuulizwa. Na kama hakikujifunza, basi aliyekuwa upande wa pili wa kamba alikuwa ni mumewe, akimwita, naye alimjibu kwamba yupo, kisha akamwachia.

Nyumba ilikauka. Harufu ikaisha, mtoto akaanza tena kuitika abee, kuku wakarudi kuchakura mahali pao. Jumamosi yake Mwanamkasi aliwafungulia mlango wazee wa msikiti. Hitima ikasomwa, akavaa nguo nyeupe, akakaa eda kama alivyotakiwa tangu mwanzo, na majirani wakasema sasa Mungu amempa subira.

Mwanasaumu ndiye aliyeliona hili, kwa kuwa ndiye aliyekuwa naye chumbani. Ijumaa, watu wakisha kutoka msikitini, mamake huketi chini ya ule msumari mtupu na kiganja cha kulia kimefunuliwa juu ya goti.  Baada ya kitambo vidole vyake hutikisika wenyewe, kidogo kidogo, naye hukikunja kiganja haraka na kukishika kwa mkono wa pili, akikibana kifuani kwa nguvu zake zote, asije akajibu. Akikifungua huwa kimelowa, na mtoto alipokilamba mara moja alikuta ni chumvi.